JEEVANJEE: TAJIRI ALIYEGUNDUA KUWA HELA PEKE YAKE HAIKULINDI



Somo la leo ni refu kidogo. Lihifadhi, ulisome vizuri jioni ukishamaliza kufunga oda zako.

Hapa tumezoea kuongelea picha za bidhaa, bei, na namna ya kusafirisha mzigo usiharibike njiani. Leo tunagusa jambo ambalo wauzaji wengi wa mtandaoni tunalikwepa: NANI ANAPANGA KANUNI ZA SOKO UNALOUZIA? Na je, wewe una sauti yoyote katika kanuni hizo?

Mwalimu wetu ni mtu aliyefariki zamani, mwaka 1936. Alikuja Afrika Mashariki akiwa mgeni, akatajirika, kisha akajikuta analazimika kuingia kwenye siasa bila kuacha duka. Anaitwa Alibhai Mulla Jeevanjee.

(Usimchanganye na familia ya Karimjee Jivanjee wa Zanzibar, ile ambayo jina lake liko kwenye Ukumbi wa Karimjee pale Dar. Majina yanafanana na wote ni Mabohora, ila huyu wa leo ni mwingine, wa Mombasa na Nairobi.)

Twende taratibu.

ALIANZIA WAPI

Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Siku hizi Karachi ipo Pakistan, enzi zile ilikuwa sehemu ya India ya Mwingereza. Hakuzaliwa kwenye utajiri, na shule hakusoma sana. Aliondoka kwao kijana, akazunguka kutafuta riziki, akafika mpaka Adelaide, Australia, akifanya biashara.

Mwaka 1890 kampuni yake ikafungua tawi Mombasa. Miaka michache baadaye likaja jambo lililobadilisha maisha yake: Waingereza waliamua kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Ndiyo, ziwa letu hili hili.

Reli ilianza kujengwa mwaka 1896. Walihitajika watu wengi mno, na wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India. Kazi ilikuwa ya mateso. Karibu 2,500 kati yao walifia huku. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mikataba ilipoisha.

Sasa sikiliza akili ya mfanyabiashara. Jeevanjee hakujiuliza tu "reli ikiisha nitauza nini?" Aliangalia reli yenyewe inahitaji nini LEO. Inahitaji watu, kwa hiyo akachukua kandarasi ya kuwaleta mafundi na vibarua kutoka India. Watu wale wanahitaji kula chakula walichokizoea: mchele, unga, dengu, samli. Akachukua kandarasi ya kuwalisha. Reli inahitaji mawe yavunjwe na tuta lijengwe, akachukua na hiyo. Serikali inahitaji majengo na stesheni, akajenga.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Baada ya hapo mizigo ya Mwanza ikawa inapanda meli hadi Kisumu, halafu treni hadi Mombasa. Mwanza ilikuja kupata reli yake yenyewe mwaka 1928. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya 25, njia ya haraka ya mzigo wa kanda yetu kufika baharini ilikuwa ile reli ambayo Jeevanjee alishiriki kuijenga.

SOMO LA 1: Fuata penye shughuli, uliza shughuli yenyewe inakosa nini.

Hapa Magu nako ni hivyo hivyo. Msimu wa mpunga ukifika, kila mtu anataka kuuza mchele. Ni wachache wanaojiuliza: wanunuzi wa mchele wanahitaji nini? Viroba vizuri. Mizani ya uhakika. Mtu wa kuwapigia picha mzigo na kuwatumia kabla hawajatoka Mwanza. Mtu wa kuupokea na kuupakia kwenye gari. Kila shughuli kubwa ina shughuli ndogo pembeni yake, na mara nyingi hizo ndogo hazina ushindani mkubwa.

MTEJA MMOJA MKUBWA, RAHA NA KARAHA

Kufikia mwaka 1904 Jeevanjee alikuwa amejenga soko Nairobi. Alikuwa na majengo na ardhi mjini. Mwaka 1906 alitoa bustani katikati ya Nairobi iwe ya watu wote, na ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Victoria. Ukimwangalia kwa nje, unasema huyu mzee kamaliza, yuko ndani kabisa na wakubwa.

Kumbe hapana.

Mteja wake mkubwa alikuwa serikali ya kikoloni. Na serikali ile ile iliyompa kandarasi ilikuwa inapanga kanuni zinazomkandamiza. Walowezi wa Kizungu walitaka nyanda za juu zenye rutuba ziwe zao peke yao. Kufikia mwaka 1908 serikali ya London ilikuwa imekubali kwamba ardhi ile isigawiwe Wahindi. (Ardhi yenyewe ilikuwa ya Waafrika. Wenyewe hawakuulizwa kabisa, na hilo tutalirudia.)

Pima hali yake. Amelisha waliojenga reli. Amejenga majengo ya serikali. Amewapa watu bustani. Lakini akitaka shamba kule juu, anaambiwa wewe huruhusiwi, kwa sababu ya rangi yako. Hela anayo, ya kutosha. Kilichomfungia ni kanuni, na kanuni ile hakuwepo wakati inapangwa.

SOMO LA 2: Mteja kukupenda siyo sawa na mteja kukuheshimu.

Mteja akinunua kwako kila wiki anakupa mauzo. Hajakupa haki yoyote. Kama asilimia kubwa ya oda zako zinatoka kwa mtu mmoja, duka moja la Mwanza mjini au wakala mmoja wa Dar, yeye ndiye anayepanga bei, siku ya malipo, na hata lini ufunge biashara. Jeevanjee alifanya kazi nzuri, na bado kazi nzuri haikumlinda. Tafuta mteja wa pili na wa tatu MAPEMA, wakati yule wa kwanza bado anakulipa vizuri.

ALIPOAMUA KUINGIA KIKAONI

Kule Kenya, enzi hizo ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907. Wajumbe wote walikuwa Wazungu. Mwaka 1909 Jeevanjee akateuliwa kuingia. Akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa kwenye baraza lile.

Ni heshima kubwa, ila hesabu ilimkataa. Yeye mmoja, wao wote upande mwingine. Wahenga walishasema, kidole kimoja hakivunji chawa. Alisema yake, na kura zikapita vile vile.

Alifanya nini? Hakukaa kulalamika. Mwaka 1910 alikwenda London, akaongea na magazeti ya kule, akaeleza jinsi Wahindi wa Afrika Mashariki wanavyobaguliwa. Halafu akarudi kwenye jambo la msingi: kujikusanya. Mwaka 1914 vyama vya Wahindi wa miji mbalimbali vilikutana Mombasa, wakaunda umoja mmoja wa Wahindi wa Afrika Mashariki nzima, na Jeevanjee akawa rais wa mkutano ule wa kwanza.

Ona mpangilio wake: kwanza aliingia peke yake, akashindwa. Kisha akaelewa kuwa kiti kimoja bila watu nyuma yako ni kiti tu.

SOMO LA 3: Usiende peke yako pale ambapo kikundi kinasikilizwa.

Mfano wa kwetu huu hapa. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo kwenye miamala ya simu. Ya juu kabisa ilifika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Sisi tunaouza mtandaoni tuliumia moja kwa moja, maana mteja anapotuma hela, tozo. Unapotoa ukanunue mzigo, tozo. Wapo waliopandisha bei wakakimbiwa na wateja. Wapo walionyamaza wakala faida yao wenyewe.

Lakini watu hawakunyamaza wote. Kelele zilipigwa kila kona ya nchi. Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Mtu mmoja aliyelalamika kwenye status yake asingepata hilo. Lilipatikana kwa sababu walikuwa wengi na walisema jambo moja.

KOSA KUBWA: ALIUZA SAUTI YAKE

Sasa tumefika sehemu ambayo kila muuzaji wa mtandaoni anatakiwa kuisoma mara mbili.

Mwaka 1902 Jeevanjee alianzisha gazeti Mombasa, likiitwa African Standard. Alimwajiri mhariri Mwingereza, gazeti likawa linatoka kila wiki. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili. Wakaliita East African Standard, baadaye wakalihamishia Nairobi.

Wewe unadhani gazeti lile lilikuja kutetea nani? Walowezi! Wale wale waliokuwa wanapinga Wahindi kupata ardhi na kura. Kwa hiyo miaka michache baadaye Jeevanjee yuko kikaoni anapigania haki, na gazeti alilolianzisha kwa hela yake linaongea lugha ya wapinzani wake. Gazeti lile lipo mpaka leo Kenya, linaitwa The Standard.

SOMO LA 4: Bidhaa uza. Njia ya kuongea na wateja wako USIUZE.

Mali ya muuzaji wa mtandaoni ni nini hasa? Siyo viatu wala dagaa uliopanga ndani. Ni wale watu wanaokuamini na namna ya kuwafikia. Kwa hiyo:

1. Andika namba za wateja wako kwenye daftari la karatasi. Jina, namba, alinunua nini, lini. Simu inaibiwa, akaunti inafungwa, daftari linabaki.

2. Usiuze akaunti yako eti kwa sababu ina wafuasi wengi na umepata shida ya hela. Anayenunua anaweza kuitumia kutapeli watu waliokuamini WEWE.

3. Usitegemee mtandao mmoja. Mwenye mtandao akibadilisha kanuni usiku, asubuhi posti zako hazionekani. Hujaulizwa, na hutaulizwa.

4. Kama unauzia kwenye grupu la mtu mwingine, shukuru, lakini jenga na la kwako. Kwenye grupu la mwenzio wewe ni mpangaji.

ALIPOPUNGUKIWA

Kuna upande wa Jeevanjee usiopendeza, na nisingewatendea haki kuuficha.

Yeye alipigania Wahindi wawe sawa na Wazungu. Waafrika, wenye nchi, hawakuwa kwenye hesabu zake. Mwaka 1910 akiwa London alifika hata kupendekeza eneo hili la Afrika liunganishwe na dola ya India. Yaani alilia kwamba kanuni zinapangwa bila yeye, halafu na yeye akapendekeza mipango ya nchi ya watu bila kuwauliza wenyewe.

Matokeo yakaja kuonekana. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka ukisema maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza Kenya. Maneno mazuri, lakini vitendo? Nyanda za juu zilibaki za Wazungu. Kwenye baraza Wazungu walipata viti 11 vya kuchaguliwa, Wahindi 5, Mwarabu 1. Mwafrika hakupewa hata kimoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, miaka 35 baada ya Jeevanjee.

Na huku kwetu Usukumani je? Huku mkulima wa pamba alikuwa na kilio chake. Wanunuzi wengi walikuwa Wahindi, na wakulima walilalamikia mizani: unaleta pamba uliyoilima mwaka mzima, unaambiwa kilo chache kuliko unazozijua. Yule aliyebaguliwa na Mzungu kule juu, huku chini watu wa jamii yake walikuwa ndio wenye mizani.

Hapo akatokea kijana mwingine mfanyabiashara, Paul Bomani. Alizaliwa Musoma, na mwaka 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Yeye na wenzake walianza na kitu kidogo sana: kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima ajue uzito wa pamba yake kabla hajaiuza. Mizani tu. Kutoka kwenye mizani wakafika kwenye vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama hivyo la kanda nzima ya ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions, likawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa Afrika. Bomani mwenyewe aliingia kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha.

Mwangalie Jeevanjee, halafu mwangalie Bomani. Wote wafanyabiashara. Wote waliingia siasa kwa sababu kanuni za soko ziliwaumiza wao na watu wao. Lakini Jeevanjee alianza juu, kwenye kiti cha kuteuliwa, watu wakafuata baadaye. Bomani alianza chini, kwenye mizani ya mkulima, na alipofika kikaoni alikuwa na maelfu nyuma yake.

SOMO LA 5: Haki unayoidai kwa aliye juu yako, mpe kwanza aliye chini yako.

Unalalamika wakala wa Dar anakukata bila sababu? Sawa, una haki. Na wewe mama anayekuuzia dagaa mwaloni unampimia vipi? Kijana wa bodaboda anayepeleka oda zako unamlipa siku ile ile, au unamzungusha? Usipokuwa mkweli kwenye mizani yako, siku ukiita watu mdai haki pamoja, hawatakuja. Wanakujua.

KILICHOBAKI

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936. Kandarasi ziliisha zamani. Gazeti lilikuwa la wengine. Lakini ile bustani ipo.

Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuichukua na kujenga maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kuupinga. Wananchi wa Nairobi wakamuunga mkono, Wangari Maathai akiwemo, na mpango ukafa. Hadi miaka ya karibuni watu wa kawaida wamekuwa wakikutana pale kujadili mambo ya nchi, wakijiita Bunge la Mwananchi. Mwenye bustani alishindwa kusikilizwa kwenye baraza la wakubwa, na bustani yake ikageuka mahali ambapo asiye na cheo anasikilizwa. Watetezi wake wa mwaka 1991 hawakuwa wateja wa Jeevanjee. Walikuwa watu waliokaa kwenye kivuli alichokiacha.

KAZI YA WIKI HII

Tusisome tu, tufanye. Chagua MOJA kati ya hizi:

✅ Daftari. Kaa leo usiku, andika namba za wateja wote walionunua kwako miezi mitatu iliyopita.

✅ Mkutano. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Uliza wa kwenu ni lini, nenda. Ukisikia ushuru au maeneo ya biashara yanajadiliwa, nyanyua mkono. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi, unaweza kwenda kusikiliza. Diwani wako muulize mapema lini wanakaa.

✅ Kikundi. Tafuta wauzaji wenzako mnaoaminiana, muanze kutuma mizigo pamoja. Mkizoeana, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, awaeleze masharti ya ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Muuzaji mmoja mmoja haipati kirahisi.

✅ Mizani. Kama unauza vitu vya kupima, nenda kaihakikishe mizani yako. Halafu mpigie mteja picha ya kipimo kabla hujafunga mzigo. Utashangaa imani inavyopanda.

Sijasema kila mtu agombee udiwani. Wengi wetu tutabaki wauzaji, na ni sawa kabisa. Ila usidhani kwamba ukiuza sana, kanuni zitakuacha salama. Jeevanjee aliuza kuliko sisi wote, na alikuja kujua kwamba anayepanga kanuni ana nguvu kuliko mwenye hela.

Swali la komenti: ni kanuni gani moja, ya halmashauri, ya mtandao au ya wakala wako, inayokuumiza sasa hivi kwenye biashara? Itaje bila kumtaja mtu jina. Tuone ni wangapi inatuuma kwa pamoja, maana hapo ndipo pa kuanzia.

Mtumie na mwenzako anayeuza.